Sura ya Saba: Mguu Ulioning'inia

Inspekta alikuwa amebakiza sahihi moja tu. Kalamu ilikuwa mkononi, faili liko wazi juu ya meza, na karani wa mashtaka alikuwa amekwisha kupiga simu mara mbili kuuliza kama litamfikia kabla ya saa tisa mchana. Ndipo mlango uliposukumwa bila hodi, akaingia mwanamke asiyemjua, mnene kiasi, mwenye viatu vyeupe vya kazi na begi la turubai lililotuna ubavuni.

“Wewe ndiye uliyemkamata binti wa yule mzee wa wodi namba nne?”

“Na wewe ni nani, mama?”

“Mimi ni muuguzi. Kazi yangu ni vidonda. Mwaka wa ishirini na mbili huu, asubuhi vidonda, jioni vidonda.” Akavuta kiti, akakaa kabla hajakaribishwa. “Umeandika humo kwamba mzee ana vidonda vya kulalia?”

Inspekta alilifunika faili kwa kiganja. “Hayo ni mambo ya upelelezi, Sista.”

“Basi upelelezi wako umesinzia, Afande. Vile si vidonda vya kulalia.”

Kesi hii ilikuwa imemfikia Inspekta juzi ikiwa imeiva kabisa, imebaki kupakuliwa. Mtoto wa kwanza wa mzee, mpima ardhi anayefanya kazi mbali, alirudi nyumbani baada ya miaka miwili bila kutoa taarifa. Akamkuta baba yake, dereva wa lori aliyestaafu, amelala kwenye kiti saa sita mchana, kafungwa mkanda kifuani, mguu wa kulia unaning'inia. Vidole viwili vya mguu huo vilikuwa vimegeuka vyeusi, na kwenye kifundo kulikuwa na kidonda kinachonuka. Juu ya muundi zilionekana alama kama pete, moja juu ya nyingine, hadi karibu na goti, mithili ya mtu aliyefungwa kamba. Mzee alikuwa akiishi na mtu mmoja tu: binti yake kitinda mimba, mshonaji.

Inspekta alimuuliza binti huyo kama alimfunga baba yake mguu. Akajibu hapana. Alipoulizwa ni nani basi, alitazama sakafu, akawa bubu. Jibu moja lisiloaminika, ukimya mmoja, na picha kumi na moja zilizopigwa na kaka mtu. Inspekta alimtia pingu kwa mikono yake mwenyewe.

“Fomu imejazwa na daktari,” alisema sasa.

“Daktari wa mapokezi alikuwa na foleni inayofika getini, na fomu yenyewe ina mstari mmoja. Kaona mzee, kaona kidonda, kajumlisha. Mimi nimekifungua leo asubuhi nikakitazama.” Muuguzi aliegemea meza. “Kidonda cha kulalia kina anwani yake, Afande. Kinakaa pale mfupa unapokutana na godoro. Mwisho wa uti wa mgongo. Nyonga. Kisigino. Hata kisogo. Sasa niambie, wewe ukilala unalalia ncha ya kidole gumba cha mguu?”

Askari wa zamu aliyesimama mlangoni aliangua kicheko, kisha akajifanya anakohoa.

Inspekta alimtupia jicho, halafu akaitazama saa ukutani. Ilikuwa saa nne kasoro robo.

“Njoo uone mwenyewe,” Muuguzi alisema. “Ukiona nimekudanganya, nitie ndani na mimi. Angalau huko nitakaa kitako. Tangu alfajiri nimesimama.”

Kalamu ilirudi mfukoni. Faili likabaki wazi.

*

Wodi namba nne ilikuwa na vitanda kumi na madirisha marefu yasiyofungika vizuri. Mzee alikuwa kitanda cha mwisho. Watu wa lori walimpa jina la Breki kwa sababu katika miaka thelathini na moja ya barabara hakuwahi kumgonga hata kuku, na jina hilo lilikuwa limemfuata mpaka kwenye kadi ya hospitali, ambako mtu alikuwa ameliandika kwa penseli chini ya jina halisi. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeinuliwa juu ya mito miwili. Jasho lilikuwa likimtiririka ingawa asubuhi ilikuwa ya ubaridi. Kaka mkubwa alisimama kando yake, shati halijabadilishwa tangu juzi.

“Huyu ndiye aliyemchukua mwanangu?” Mzee Breki aliuliza. “Mwambieni asogee karibu. Mguu hauna nguvu, lakini mkono ninao.”

“Baba, tulia,” kaka mkubwa alisema. “Afande yuko upande wetu.”

“Upande wetu upi? Mimi upande wangu uko rumande.”

Muuguzi alivuta pazia, akavaa glovu, akampa Inspekta jozi nyingine. “Tuanze na mgongo. Kama binti alimtelekeza, mgongo ndio shahidi wa kwanza.”

Walimgeuza mzee ubavu, polepole. Ngozi ya mgongo ilikuwa safi, imepakwa mafuta. Mwisho wa uti wa mgongo hapakuwa na kidonda. Kwenye tako la kushoto tu palikuwa na baka jekundu la ukubwa wa kifuniko cha chupa.

“Na hilo?” Inspekta aliuliza upesi.

“Bonyeza.”

“Mimi?”

“Kidole kimoja. Kisha achia.”

Alibonyeza. Alipoachia, palikuwa peupe; halafu, kabla hajavuta pumzi ya pili, wekundu ukarudi.

“Damu inakwenda na kurudi,” Muuguzi alisema. “Ngozi imechoka kukaliwa, haijafa. Mtu akiachwa bila kugeuzwa, pale pangebaki pekundu hata ukibonyeza, halafu pangekuwa zambarau, halafu pangefunguka ukaona mpaka mfupa. Mtu aliyekaa kwenye kiti miezi minne na tako lake liko hivi, kuna mtu anamwinua. Kila baada ya saa mbili, tatu. Kila siku.”

Kaka mkubwa aliinama kuona mwenyewe.

Wakashukia mguu. Muuguzi aliondoa bandeji nyepesi ya asubuhi, akaacha Inspekta ainame. Kidonda kilikuwa upande wa nje wa kifundo, si kikubwa kuliko sarafu. Ukingo wake ulikuwa umekatika wima kama uliochongwa kwa patasi, na sakafu yake ilikuwa imepauka, haina wekundu wa nyama hai. Ngozi ya kuzunguka iling'aa, haina hata unywele mmoja.

“Kuna vya aina nyingine,” Muuguzi alisema. “Kuna kidonda cha mshipa unaorudisha damu juu. Hicho hupenda upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo. Kipana, hakina kina, kinachuruzika maji mpaka soksi inalowa, na ngozi yake imekuwa ya kahawia kama iliyomwagikiwa chai. Mguu wenyewe una joto. Kuna cha kisukari: hicho kinajificha unyayoni chini ya sugu, na mwenyewe hana habari, anaweza kutembea na msumari ndani. Mzee, nikikugusa unyayo unasikia?”

“Niguse uone kama hujapigwa teke.”

“Anasikia. Sasa shika hapa, Afande. Halafu mguu wa pili.”

Mguu wa kushoto ulikuwa na uvuguvugu. Wa kulia ulikuwa baridi kama kopo lililolala nje.

“Sasa tazama rangi,” Muuguzi alisema. Aliuinua ule mguu wa kulia juu zaidi ya mito, akahesabu kimya. Mzee Breki aliuma shuka. Unyayo ulipauka, ukawa mweupe kama mshumaa, mpaka kwenye kucha. “Baba, kaa. Shusha.” Walimsaidia kukaa ukingoni mwa kitanda, mguu ukaning'inia. Taratibu ukaanza kupata rangi, wa waridi kwanza, kisha mwekundu wa kukoza. Na uso wa mzee nao ulilegea. Alifumba macho, akashusha pumzi ndefu.

“Hapo,” alisema. “Hapo hapo. Uacheni hapo, kwa hisani yenu.”

Inspekta alinyooka. “Anapata nafuu mguu ukiwa chini.”

“Endelea.”

“Damu haifiki vidoleni yenyewe. Inahitaji mteremko.” Alimtazama mzee. “Ndiyo maana alikuwa akilala kwenye kiti. Hakukalishwa. Alikataa kitanda.”

“Miezi minne!” Mzee Breki alisema, macho bado yamefumbwa. “Nimewaambia watu wote wa hapa. Wananijibu, mzee, inua mguu, uvimbe ushuke.”

Kaka mkubwa alikuwa akiitazama ile mito miwili kitandani. “Ni mimi niliyemwekea,” alisema. Sauti yake ilikuwa imeporomoka. “Tangu juzi. Kila akiushusha naurudisha juu. Nilidhani...”

“Ulidhani kama wengi wanavyodhani, kaka,” Muuguzi alimkatiza, si kwa ukali. “Itoe tu.”

Aliitoa. Alikaa sakafuni karibu na ule mguu uliokuwa ukining'inia.

Muuguzi alifunga mashine ya presha mkononi mwa mzee, kisha akaifunga juu ya kifundo, akasikiliza kwa kifaa kidogo kilichotoa mlio kama upepo kwenye tundu la ufunguo. Mkono ulitoa mia moja na hamsini. Kifundo kilitoa sitini na tano.

“Chini ya nusu,” alisema. “Mshipa unaopeleka damu umeziba mahali. Daktari wa upasuaji kamwona saa mbili. Watajaribu kuuzibua leo hii saa kumi. Vile vidole viwili havirudi, lakini mguu unaweza kubaki.”

Kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake isipokuwa kimoja, na Inspekta hakuwa mtu wa kuruka ushahidi kwa sababu tu moyo wake umeanza kuelekea upande fulani. Alielekeza kidole kwenye muundi. “Na pete hizi? Mshipa ulioziba haupigi mtu alama za kamba.”

“Haupigi,” Muuguzi alikubali. Alitoa utepe wa kupimia, akaulaza kwenye ngozi. Kutoka alama hadi alama, sentimita tano. Tena tano. Tena tano, zikipanda kwa mshazari mpaka chini ya goti. Alikunja uso. “Mtu aliyefungwa kamba, alama zinajaa sehemu moja, zinapishana ovyo. Hizi zinapanda kama ngazi. Aliyefunga hivi amefundishwa kufunga. Ni mtu wa kazi yangu.”

“Mzee, nani alikufunga mguu?”

“Muulize mwanangu. Yeye ndiye ana kumbukumbu. Mimi siku zile nilikuwa nikiona nyota mchana.” Kisha Mzee Breki alifumbua macho. “Nisikilize, polisi. Wamenipa karatasi niitie sahihi, niruhusu kupasuliwa. Siitii. Sipandi machela mpaka nimwone.”

“Baba!” kaka mkubwa alisema kutoka sakafuni.

“Nimesema.”

Muuguzi alimgeukia Inspekta na kumnong'oneza kwamba nafasi ya chumba cha upasuaji ilikuwa moja tu, na inayofuata ni wiki ijayo, na kwa rangi ya vile vidole, wiki ijayo hakutakuwa na cha kuzibua.

“Atakuwa hapa kabla ya saa kumi,” Inspekta alisema.

“Unaahidi kama polisi au kama mtoto wa mtu?”

“Kama mtoto wa mtu.”

Mzee alimpima kwa macho kama anavyopimwa utingo mpya. “Haya. Kimbia.”

Mlangoni kaka mkubwa alimfikia na kumwekea ufunguo wa nyumba kiganjani.

*

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, imefagiwa. Inspekta alikuwa amefika hapa juzi, akatazama kiti na mkanda kwa dakika tano, akaondoka na alichokuwa amekuja kukitafuta. Leo alipiga magoti.

Kiti kilikuwa kimewekewa vipande vya godoro kwenye kalio na pande zote mbili. Mkanda ulikuwa bado umening'inia mgongoni mwa kiti. Aliukunjua kwa mara ya kwanza. Ulikuwa wa kitambaa kigumu, lakini upande unaogusa mwili ulitiwa pamba na kufunikwa kwa flana laini, mshono mara mbili, ncha zote zimepindwa ndani zisikwaruze. Kifungo kilikuwa mbele, usawa wa mkono wa anayekaa. Inspekta alikaa kwenye kiti, akajifunga. Ulimshika asianguke hata akisinzia, lakini aliponyoosha mkono wa kulia alijifungua bila kutazama.

“Pingu gani hii,” alisema kwa sauti chumbani, “ambayo ufunguo anao mfungwa?”

Chini ya cherehani palikuwa na kikapu cha vitambaa. Katikati ya vitambaa, ndani ya mfuko wa karatasi wenye muhuri wa zahanati ya jirani, alikuta bandeji ya rangi ya maziwa, nzito, yenye kuvutika, imefuliwa na kuviringishwa. Aliipima upana kwa rula ya mshonaji. Sentimita kumi. Ukiizungusha mguuni, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, ukingo unarudi kila baada ya sentimita tano.

Kulikuwa na kadi pia, mwandiko wa haraka: *Mguu umevimba, kidonda kinachuruzika. Abanwe kuanzia vidole hadi goti. Isifunguliwe siku saba.* Tarehe ilikuwa ya wiki tatu zilizopita.

Alimpigia Muuguzi, akamsomea. Akamsikia akifyonya.

“Unaona kilichotokea?” Muuguzi alisema. “Mzee kaning'iniza mguu miezi minne. Mguu ukining'inia hivyo lazima uvimbe. Ukivimba, maji yanatafuta pa kutokea. Tabibu kaona uvimbe, kaona maji, kasema huu ni mshipa wa kurudisha damu, akabana. Kwa mshipa huo bandeji ya kubana ndiyo dawa yenyewe. Kwa huyu ni sawa na kukanyaga bomba ambalo tayari limeziba; na ngozi isiyopata damu haiponi, ndiyo maana alama zipo mpaka leo. Kosa hili ni letu, Afande. Asiyesoma hawezi kulifanya, kwa sababu asiyesoma hana bandeji ile. Nitamwendea mwenyewe kesho na mashine yangu, nimkalishe, nimfundishe kupima kwanza.” Kisha akauliza, “Alikaa nayo siku zote saba?”

“Sijui. Imefuliwa.”

“Akiachwa nayo siku saba, mguu unakufa mpaka goti, na weusi hujitokeza siku kadhaa baadaye. Kama kuna mtu aliyeifungua mapema, huyo mpe mkono wangu.”

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja na viti viwili. Binti aliletwa, akakaa, akaiweka mikono mapajani kama mtu anayesubiri zamu kwa daktari. Vidole vyake vilikuwa na alama ndogo ndogo za sindano. Inspekta aliuweka mfuko wa karatasi mezani.

Aliutambua kabla haujafunguliwa. “Basi mmejua,” alisema.

“Nataka kusikia kwako, dada.”

“Tabibu alimfunga. Akaniambia, siku saba, usiiguse. Ukiifungua na mguu ukaharibika, ni juu yako.” Aliusogeza mfuko pembeni. “Siku ya kwanza baba alikuwa kimya. Siku ya pili alilia. Afande, baba yangu sijawahi kumwona analia. Hata tulipomzika mama alikuwa anatania wachimba kaburi. Aliniambia, mwanangu, kuna mtu ananiponda mguu kwa nyundo, mwambie aache. Nikaifungua. Siku ya nne kidole kikaanza kuwa cheusi.”

“Nilikuuliza kama ulimfunga.”

“Na mimi nikakujibu kweli. Sikumfunga. Nilimfungua.” Sasa alimtazama usoni. “Hukuniuliza nani alimfungua. Nikajua nikimtaja tabibu, swali la pili litakuwa hilo. Na kaka amesimama pale, analia. Ningemwambiaje kwamba mguu wa baba nimeuharibu mimi kwa sababu sikuweza kuvumilia kelele?”

Inspekta alisogeza kiti.

“Nisikilize vizuri. Mguu ule ulikuwa na damu kidogo mno. Bandeji ilikuwa inaziba na hicho kidogo. Kidole kilianza kufa bandeji ikiwa bado imefungwa. Weusi hutokea baadaye, ndiyo maana ulidhani umesababisha wewe. Muuguzi wa vidonda amesema angeachwa hivyo siku saba, leo wasingekuwa wanazungumzia vidole. Wangekuwa wanazungumzia goti. Uliufungua, ukauokoa.”

Binti aliinamia meza.

“Rudia,” alisema.

“Uliufungua, ukauokoa.”

“Tena.”

Alirudia mara ya tatu. Binti aliziba mdomo kwa mikono yote miwili, na kilichotoka humo hakikuwa kilio wala kicheko, kilikuwa vyote kwa pamoja, kikamtikisa mabega mpaka kiti kikalia. Alipopata sauti, alisema, “Wiki tatu, Afande. Wiki tatu nimekuwa nikimwosha ule mguu nikiuomba radhi.”

*

Mkuu wa kituo alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo shingoni. Alisoma kadi ya zahanati, akatazama vipimo, akasikiliza mpaka mwisho. Ilikuwa saa nane na nusu.

“Nimeshawishika,” alisema. “Hana hatia. Mwachie Jumatatu.”

“Leo, Mama.”

“Kaa chini.” Hakukaa. Mkuu alivua miwani. “Leo saa kumi na moja natuma orodha ya kozi ya upelelezi. Nafasi mbili kwa kituo kizima. Moja ni yako. Ukilifunga faili hili leo, linaingia kwenye taarifa ya wiki hii kama ukamataji usio na msingi, na sahihi ya ukamataji ni yako peke yako. Orodha inarudishwa, jina linafutwa. Ukilifunga Jumatatu, orodha imeshakwenda. Hakuna atakayeuliza.”

“Baba yake anapasuliwa saa kumi. Amekataa kutia sahihi mpaka amwone. Nimemwahidi.”

“Kwa idhini ya nani?”

“Yangu.”

“Kozi hii umeisubiri miaka minne.”

“Mitano, Mama.”

Mkuu alivaa miwani tena. Kisha alifungua droo, akatoa fomu ya kuachiwa, akaisukuma juu ya meza. Palikuwa na nafasi ya sababu. Inspekta aliandika kwamba mtuhumiwa hakutenda kosa lolote. Kwamba alama za mguuni zilitokana na tiba. Na kwamba mpelelezi alikosea kwa kuuliza swali moja pale palipohitaji mawili. Akaweka sahihi, tarehe na saa.

Mkuu aliisoma, akagonga muhuri. “Mwandiko mzuri,” alisema, “kwa mtu anayekata tawi alilokalia.” Kisha akamrushia ufunguo. “Chukua gari langu. Ukienda kwa miguu utachelewa, na ujinga wote huu utakuwa wa bure.”

*

Machela ilikuwa imesimama kwenye korido, mbele ya milango miwili yenye vioo vya duara. Mzee Breki alikuwa juu yake, kanzu ya kijani imefungwa nyuma, karatasi ya idhini imelala kifuani bila wino. Mguu wa kulia ulikuwa umetolewa nje ya ukingo, unaning'inia, na kaka mkubwa alikuwa ameupokea kwa viganja viwili usigonge chuma. Muuguzi alikuwa amemzuia msukuma machela kwa mara ya nne.

“Sista, umeshapima kidonda hicho mara tatu,” msukuma machela alilalamika.

“Na bado sijaridhika. Wewe una haraka ya kwenda wapi, harusini?”

Ndipo hatua za mbio zilipojaza korido. Binti alipita kando ya Inspekta, kando ya Muuguzi, akaweka paji la uso wake juu ya paji la uso wa baba yake. Msukuma machela mwenyewe alijikuta akitazama dari.

“Wamekulisha?” mzee aliuliza hatimaye.

“Wamenilisha.”

“Muongo. Umekonda.”

Alipoinuka, kaka yake alikuwa amesimama pale pale, mguu viganjani, hawezi kuuachia wala kumkumbatia. “Nilipiga picha kumi na moja,” alisema. “Sikuuliza swali hata moja. Dada, mimi...”

“Tutagombana baadaye, kaka. Umemshika vibaya, kisigino kinamuuma.” Aliingiza mikono yake chini ya mikono ya kaka yake. “Shika hapo juu. Huku niachie mimi.”

Mzee Breki alinyoosha mkono kudai kalamu. Inspekta alimpa yake. Mzee alitia sahihi herufi moja moja, bila haraka, kama anayejaza kitabu cha safari, kisha akageuza shingo.

“Saa ngapi, mtoto wa mtu?”

“Saa kumi kasoro dakika nne.”

“Barabara.”

Simu ya Inspekta ilitetema mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa Mkuu, maneno machache: jina limefutwa, lingine limeandikwa, orodha imetumwa mapema. Aliusoma mara moja, akaizima simu.

“Habari mbaya?” Muuguzi aliuliza.

“Hapana, Sista,” alisema, akashangaa kuona kwamba hakuwa akidanganya sana.

Milango ilifunguliwa kwa ndani. Msukuma machela aliegemeza uzito wake, magurudumu yakalia, na saa kumi kamili ilipofika Mzee Breki alikuwa anavuka kizingiti, kisigino chake kingali kimelala mkononi mwa binti yake.